Mbio Fupi Si Mbio Zilizoshindwa

SOMO LA JUMA
Maandiko ya kusoma: Hesabu 8:23-26, Mathayo 11:2-11, 1 Wakorintho 9:24-27
Wazo kuu: Huduma ina msimu wake. Aliyemaliza msimu wake bado ni wa Bwana, na bado ni wetu.



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, niliwauliza vijana swali moja: Mkenya wa kwanza kuleta nyumbani dhahabu ya Olimpiki ni nani? Wengi wakajibu kwa sauti moja, "Kipchoge!" Wengine wakasema ni Keino. Kijana mmoja tu, tena kwa kusitasita, akauliza, "Si ni mtu wa hapa kwetu?"

Ndiyo. Ni mtu wa hapa kwetu Nyamira, na jina lake ni Naftali Temu. Nilipoona vijana wetu hawamjui, nikasema somo la juma hili tuanzie kwake. Sina nia ya kujisifia kabila. Nataka tuyatazame maisha yake pamoja na Neno, kwa sababu najua kuna mtu anayesoma gazeti hili akijiona kama mtu ambaye wakati wake umepita.

1. Alianza bila kujulikana

Temu alizaliwa Aprili 1945. Kabla yake, Wagusii walikuwa tayari na mkimbiaji wao wa kujivunia, Nyandika Maiyoro, aliyekimbia mita 5,000 katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kabisa kwa Kenya kwenda Olimpiki. Maiyoro alimaliza wa saba, na miaka minne baadaye kule Roma akawa wa sita. Hakuleta medali, lakini alifungua njia. Temu akaikuta imefunguliwa.

Temu aliingia jeshini, na huko ndiko mbio zake zilikokomaa. Mwaka 1964, akiwa na miaka 19, alikwenda Olimpiki ya Tokyo na kukimbia marathoni. Alikuwa wa 49. Hebu fikiria, umesafiri mpaka Japani, na watu 48 wametangulia kuvuka mstari kabla yako. Wangapi kati yetu tungerudi tena? Sisi mtu akiimba kwaya mara moja, mashine ikakoroma, Jumapili inayofuata haonekani.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1966, alisimama Kingston, Jamaica, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, mbio za maili sita. Pembeni yake alikuwa Ron Clarke wa Australia, mtu aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000. Watu walikuja kumtazama Clarke. Temu akamwacha nyuma akachukua dhahabu. Hapo ndipo dunia ilipouliza, huyu ni nani, na ametoka wapi?

2. Siku ile ya Mexico

Tarehe 13 Oktoba 1968, Mexico City, fainali ya mita 10,000. Hiyo ni mizunguko 25 ya uwanja. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Waliotoka nchi za chini walipata taabu sana. Clarke alimaliza wa sita, akaanguka, ikabidi awekewe oksijeni. Kipchoge Keino wetu, ambaye Wakenya wengi walikuwa wameweka tumaini kwake, alikuwa na maumivu makali ya kibofu cha nyongo, yakamwangusha mbio zikielekea mwisho.

Mwishowe wakabaki wawili, Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Mzunguko wa mwisho, Wolde akachomoka. Kama ungekuwa uwanjani ungesema basi, mambo yamekwisha. Lakini Temu hakumruhusu aende zake. Alimfuata, akamkaribia, na karibu mita 50 kabla ya mstari akampita. Temu alitumia dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alitumia dakika 29 na sekunde 28.0. Hesabu mwenyewe tofauti yake. Hata neno "Amina" hujalimaliza kulitamka.

Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Baadaye Amos Biwott na Keino nao wakapata zao kwenye michezo ile ile, lakini mlango uliufunguliwa na kijana wa miaka 23 kutoka hapa.

Siku nne baadaye, tarehe 17, akakimbia fainali ya mita 5,000 akapata shaba. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alikuwa wa kwanza, Keino wa pili, Temu wa tatu, wote ndani ya sekunde mbili. Na tarehe 20 akakimbia marathoni. Safari hii akawa wa 19, na aliyeshinda ni yule yule Wolde aliyekuwa amemshinda juma moja kabla.

3. Na baada ya hapo?

Wapendwa, baada ya hapo hakuna medali nyingine ya Olimpiki. Mwaka 1972 alikwenda Munich, akatolewa katika mbio za mchujo za mita 10,000. Mwaka 1973 akastaafu riadha. Ukihesabu tangu Kingston mpaka Mexico, wakati wake wa kung'aa ulikuwa miaka miwili na miezi michache. Motokaa ya mkopo inaweza kulipwa kwa muda mrefu kuliko huo.

Tena kumbukeni kwamba siku zile kanuni za Olimpiki hazikumruhusu mwanariadha kulipwa kwa kukimbia. Hakukuwa na zawadi ya dola ukivunja rekodi. Serikali ya Rais Jomo Kenyatta ilimpa shamba Mugirango Kaskazini, na huko ndiko alikoishi. Alifariki tarehe 10 Machi 2003 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kwa saratani ya tezi dume. Alikuwa na miaka 57.

Sasa swali la somo letu ni hili: mtu huyu alifaulu au alishindwa?

Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mbio, hakuwa anatunga mfano wa kufikirika. Karibu na Korintho kulikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani ya msonobari. Majani! Washirika wake waliyaona yakiwa mabichi siku ya ushindi, na wakayaona yakikauka. Ndiyo maana akawaambia wenye kukimbia wanajinyima mambo mengi kwa ajili ya taji linaloharibika, ilhali sisi tunatafuta lisiloharibika. Angalieni kwamba Paulo hakuwadharau wale wakimbiaji. Alichosema ni kwamba taji lao halikukusudiwa kumbeba mtu maisha yake yote. Ukiligeuza kuwa uzima wako, siku likikauka na wewe utakauka nalo.

4. Bwana mwenyewe aliweka kikomo

Fungueni Hesabu 8:23-26. Hili ni andiko ambalo hatulihubiri mara nyingi, na mimi mwenyewe nililisoma miaka mingi bila kuliona. Mungu anamwambia Musa juu ya Walawi: wataingia katika kazi ya hema ya kukutania wakiwa na miaka 25, na wakifika miaka 50 wataiacha ile kazi.

Mlawi hakuondolewa kwa sababu ametenda dhambi. Hakufukuzwa na kamati. Mungu aliyemwita ndiye aliyemwambia, kazi hii sasa imetosha. Ile hema ilikuwa na mbao, vitako, mapazia na nguzo za kubebwa jangwani. Mungu alijua migongo inachoka. Kikomo kilikuwa huruma.

Lakini someni mstari wa 26 taratibu. Yule Mlawi wa miaka 50 haendi kukaa nje ya kambi. Anabaki pamoja na ndugu zake hemani, akiwasaidia kulinda. Kazi imeisha, mahali pake pamebaki. Hayo ni mambo mawili, na shetani anapenda kuyachanganya. Anakuambia kwamba kwa kuwa kazi yako imeisha, basi na nafasi yako nyumbani mwa Bwana imeisha. Ni mwongo.

5. Ushuhuda wangu

Nisemeje haya kama mtu wa pembeni? Yalinipata mimi.

Kwa miaka saba nilikuwa mhubiri wa mikutano ya nje. Tulizunguka kwa siku za soko: Kebirigo, Keroka, Ikonge, Nyansiongo. Tulikuwa na spika mbili, jenereta ya kuazima na sauti yangu. Hiyo sauti ndiyo ilikuwa jina langu. Watu walisema, "Yule wa sauti amekuja," na nikubali mbele zenu, nilipenda kusikia hivyo.

Siku moja katikati ya mahubiri sauti ikakatika. Nikadhani ni homa. Nikanywa tangawizi na ndimu, nikaombewa, nikapanda jukwaani tena. Hali ikazidi. Daktari alipotazama koo akaniambia nyuzi za sauti zimeumia, na nikiendelea kuzipaza vile nitapoteza hata ile sauti ya kuongea. Nilikuwa na miaka 36.

Naamini Mungu anaponya. Nimeona kwa macho yangu akiponya wengine, baadhi yao mikono hii ikiwa juu yao. Mimi alinirudishia sauti ya kuongea na mke wangu na watoto wangu. Ile ya sokoni hakunirudishia. Watu wakaanza kunong'ona kwamba lazima kuna dhambi iliyofichika. Mwaliko ukaacha kuja. Akapatikana kijana mwingine, hodari kweli, na mimi nikawa nasikia mahubiri yake kutoka mbali nikihesabu makosa.

Mwishowe nikaacha hata kuja kanisani. Jumapili nilikuwa nashuka kwenye shamba letu la chai la bondeni, kwa sababu huko spika za kanisa hazisikiki. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Mke wangu alikuwa akisema nimekwenda kutazama mipaka.

Jumapili moja baba yangu, ambaye nyumbani tunamwita Tata, alishuka bondeni na fimbo yake akanikuta nimekaa chini ya mti. Hakunikemea. Alikaa, akapumua, akaanza kunisimulia mwaka 1968, jinsi habari ya Temu ilivyowafikia kwa redio, na redio yenyewe ilikuwa moja kwa kijiji kizima. Alinieleza jinsi wazee walivyocheka, jinsi wavulana walivyokimbia usiku ule barabarani bila viatu, kila mmoja akijiita Temu. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi. Nikangoja aimalize.

Kisha akasema, "Sasa nikuulize, mwanangu. Temu alipoacha kukimbia, ile dhahabu ilirudi Mexico?"

Nikasema, "La, Tata."

"Na wale watu waliookoka pale Keroka ukihubiri, wamerudi kwa shetani kwa sababu koo lako linauma?"

Sikujibu. Nililia, na yeye akaniacha nilie. Baadaye akasimama akasema twende, uji unapoa.

Jumapili iliyofuata nilikuja nikakaa benchi la nyuma. Leo hii mnajua kazi yangu. Nafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Kwa kuwa siwezi kupaza sauti, watoto hunisogelea ili wanisikie, wengine wanakalia viatu vyangu. Sokoni sikuwahi kusogelewa hivyo na mtu.

6. Sifa iliyotolewa gerezani

Ukiona bado una shaka, nenda Mathayo 11. Yohana Mbatizaji alikuwa na huduma fupi na yenye nguvu. Miji ilihama kwenda kumsikiliza Yordani. Halafu ghafla yuko gerezani kwa Herode, hahubiri, habatizi, na moyo wake umetikisika hata anatuma wanafunzi wakamuulize Yesu kama kweli ndiye, au wamngoje mwingine.

Wakati huo ndio Yesu aliuchagua kumsifu! Hakumsifu siku ile umati umejaa mtoni. Alingoja mpaka Yohana hana kazi, hana umati, ana maswali. Wale wajumbe walipogeuka kwenda zao, Bwana akawaambia watu kwamba katika waliozaliwa na wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko Yohana. Kama thamani ya mtumishi ingepimwa kwa kazi anayofanya leo, siku ile Yohana angepata sifuri. Mbinguni hawapimi hivyo.

7. Neno kwa kanisa

Sasa nigeukie sisi sote, maana lawama si ya shetani peke yake.

Mtu akifa, tunajua kujipanga. Usiku ule ule kikundi cha WhatsApp kimeundwa, mchango unaingia kwa M-Pesa, hema na viti vimekodiwa, na kila mtu anasimama kueleza jinsi marehemu alivyokuwa shujaa. Ni vizuri. Lakini yule mama aliyeanzisha kesha la Ijumaa katika kanisa hili, aliyekuwa akipika kwa mikutano yote, sasa miguu imevimba hawezi kupanda kilima. Mara ya mwisho tulimtembelea lini? Yule mzee aliyetoa mbao za jengo la kwanza, nani anamletea hata gazeti hili? Tunawasubiri wafe ndipo tuwasifu?

Katika Munich ile ile ya 1972 ambako Temu alitolewa kwenye mchujo, Wakenya wanne walichukua dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti. Watatu kati yao walikuwa Wagusii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang. Napenda kulitafakari hilo. Msimu wa mmoja unafika mwisho na wa wengine unafunguka, michezo ile ile, juma lile lile au linalofuata. Katika mbio za vijiti, anayekabidhi huwa bado yuko uwanjani mwenzake anapomaliza, na medali hupewa wote wanne. Kanisa likimsahau aliyekabidhi kijiti, limesahau kijiti kilitoka wapi.

Mambo ya kufanya juma hili

1. Ikiwa wewe ndiwe uliyesimama kwa ugonjwa, uzee, kufutwa kazi au kubadilishwa nafasi, mwambie Bwana ukweli wa moyo wako. Yohana aliuliza wala hakukemewa. Halafu njoo. Benchi la nyuma pia ni la nyumba ya Bwana.
2. Ikiwa uko kwenye msimu wako sasa, kimbia kwa bidii, lakini usijiite jina la huduma yako. Jiite mtoto wa Mungu, maana hilo halina tarehe ya kustaafu.
3. Kila seli itaje mtumishi mmoja aliyekwisha kustaafu, imtembelee kabla ya Jumapili ijayo. Msiende na hotuba. Nendeni na sukari, unga, na muda wa kumsikiliza.
4. Wazazi, wasimulieni watoto habari za Temu na Maiyoro, kisha muwasimulie ni nani alileta Injili kijijini kwenu. Majina yote mawili yanapotea.

Maswali ya kujadili katika seli

1. Kwa nini Mungu aliwawekea Walawi kikomo cha kazi, lakini hakuwaondoa hemani?
2. Temu alikuwa wa 49 mwaka 1964 na wa kwanza mwaka 1968. Ni huduma gani umeiacha kwa sababu mwanzo wake ulikuwa mnyonge?
3. Taja jambo moja ambalo, likiondolewa leo, utaona kama wewe mwenyewe umeondolewa. Je, hilo ni taji la aina gani?
4. Ni nani katika seli yetu aliyekuwa akikimbia na sasa amenyamaza? Tumemwambia nini?

Ombi

Baba, tunakushukuru kwa misimu mirefu na mifupi. Waponye wanaokwenda bondeni Jumapili ili wasisikie sauti ya kanisa. Wapelekee mtu wa kukaa nao chini ya mti. Tufundishe kukimbia vizuri, kukabidhi kwa furaha, na kuwaheshimu waliokwisha kukimbia wangali hai. Katika jina la Yesu, Amina.